Pango

Mbwa wangu alipita uwanja wa ndege kabla yangu.
Chipu ilisomwa shingoni, chanjo zina mihuri,
jina: Zaatar. Umri: miaka tisa. Miguu: mitatu.
Afisa akamkuna sikio, akamwambia, "Karibu Ireland."
Mimi, mzaliwa wa Limerick, nikaulizwa
nilikuwa wapi muda wote huo.

Doha, nikasema. Miaka kumi na mmoja.
Nilifundisha hesabu watoto wa wahandisi,
nikaokota mbwa kando ya barabara ya Al Khor
na paka mmoja, chongo,
ndani ya injini ya gari iliyokwisha kupoa.

Sasa tuko kwa dada yangu Dervla, chumba cha mtoto,
chini ya nyota za plastiki zinazong'aa darini.
Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Hii ni wiki ya saba. Jembe nimelishika:
naosha vyombo kabla havijachafuka,
nafagia manyoya, nafagia manyoya,
na shemeji anapiga chafya kwa adabu
nyuma ya mlango uliofungwa.

Nimepiga simu sitini na tatu.
Nimejifunza kuisikia ile pumzi
baina ya neno "mbwa" na neno "samahani".
Wa Corbally alisema zulia ni jipya.
Wa Raheen alisema yeye hana neno, tatizo bima.
Mmoja aliuliza: kama mguu umepungua,
je, na uharibifu unapungua robo?
Akacheka. Nami nikacheka.
Chumba kilikuwa na dirisha zuri.

"Usiwataje," Dervla akanishauri. "Ingia kwanza."
Basi nikaenda Castletroy, nikapanga foleni ngazini,
watu arobaini, miavuli inadondosha maji,
kila mmoja na bahasha yake ya hati za mshahara.
Dalali, kijana wa viatu vilivyochongoka, akauliza:
"Una wanyama?"
"Sina."
Akalitazama koti langu jeusi.
Unyoya mmoja mweupe ulikuwa umesimama begani
wima, kama shahidi aliyeitwa jina lake.

Usiku ule nikafungua fomu ya kituo cha mbwa walioachwa.
Nikajaza jina. Nikajaza umri.
Penye *sababu ya kumwacha* nikaandika:
zulia ni jipya.
Nikaisoma.
Nikafuta yote, mpaka jina,
naye yuko chini ya meza, anaota anakimbia,
na ndotoni nadhani miguu ni minne.

Nyumbani ni nyumbani, walisema wahenga, ingawa pangoni.
Sawa, wahenga.
Lakini pango lenyewe ni yuro elfu moja na mia sita kwa mwezi,
na popo hawaruhusiwi.

Simu ya sitini na nne: Bi Hanrahan, nje kidogo ya Kilrush.
Bafuni kuna ukungu pembeni, mweusi kama ramani ya nchi isiyojulikana.
Basi hupita Jumanne na Ijumaa.
Hakuniuliza mshahara.
Alimtazama Zaatar akishuka garini,
hop, hop, halafu ile hop ya tatu inayochelewa,
kisha akanipeleka kwenye mlango wa jikoni.
Usawa wa goti, rangi ya kijani ilikuwa imeparurwa
hadi mti ukaonekana mweupe,
kama mtu aliyejaribu kuandika herufi moja
kwa miaka kumi na minne.

"Shep," akasema. Asiongeze kitu.
Aaga lilikuwa linachemsha birika.
Baadaye: "Kuta zipake rangi uitakayo.
Mlango huu usiuguse."

Zaatar akasogea.
Akainusa mikwaruzo ile mmoja mmoja,
bila haraka, kama asomaye mkataba
mpaka herufi ndogo za chini.

Ndani ya kizimba chake, garini,
paka alikuwa analia aulizwe na yeye.